Jivu la Tsakani

Nyamvula alitoka nyumbani jua likizama, mkononi kashika bakuli la sima na papa wa nazi lililofunikwa kwa kawa, kichwani kajitwika chungu cha jivu. Sima ilikuwa ya mumewe, Kahindi, aliyekuwa akichoma makaa nyuma ya msitu. Jivu lilikuwa la kupelekewa msitu wenyewe. Usicheke, mwenzangu. Ukicheka sasa, mbele ya safari utaona haya.

Hapo ni Junda, bara ya Kisauni, miaka ile ya vita vikubwa vya wazungu. Msitu haukuwa mkubwa. Ukisimama upande huu na mwenzako upande ule, mkiitana mnasikizana. Lakini ulikuwa mnene, mibambakofi na migurure imefungamana hata jua la adhuhuri linabisha hodi, na ndani yake wamelala wazee wa kale ambao majina yao yamesahaulika. Wenyewe waliuita Tsakani, yaani msituni tu, kana kwamba duniani hakuna msitu mwingine.

Kuni za Tsakani hazikuuzwa wala hazikupikiwa ovyo. Ukifiwa, matanga yakajaa watu, ruhusa: ingia, kata, pika. Ila kuni zile ni za kuazima. Matanga yakishaondoka, mwanamke wa nyumba huzoa jivu lote, hata lililoganda kwenye mafiga, akalipeleka magharibi ukingoni mwa msitu. Hulimwaga, akasema, "Chako hiki tumekirudisha, chetu tuachie." Kisha huenda zake bila kugeuka. Ndiyo mila, basi.

Babu zetu waliuogopa ule msitu. Wakaja watu wa misheni wakasema ni miti tu, na vijana waliobatizwa wakaanza kupita katikati yake wakipiga miluzi, ingawa wakifika ndani kabisa mluzi ulikuwa ukikauka wenyewe mdomoni. Ikaja serikali, ikasema huu ni mali yake, ikamweka askari wa msitu, Gershom, Mrabai mmoja mpole mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Ukivunja kijiti cha mswaki, Gershom anakupeleka kortini huku akikuomba radhi njia nzima. Kisha vikaja vita. Kambi za askari zikajaa pwani yote, kila jiko la jeshi likataka makaa, na Gershom yule yule akaja na kopo la rangi nyeupe kutia alama miti ya kukatwa. Watu wa Junda walicheka hadi wakashika mbavu. Juzi ukivunja kijiti unafungwa, leo ukikisaza unafungwa!

Kahindi aliingia kazini miongoni mwa wa kwanza. Njaa ilikuwa kali, na yeye alikuwa na mikono mizuri na moyo mwepesi, mtu wa kucheka hata na jembe lililomkata. Mamake, Kache, hakucheka. Alikataa kula mpaka mwanawe aahidi kwamba jivu litarudishwa.

"Jivu liko kambini, mama," Kahindi alisema.

"Basi lifuateni kambini."

Ndipo Kahindi akamvuta mkewe kando, akamnong'oneza, "Zoa hili la hapa jikoni, la makumbi ya nazi. Kamwage. Mama atatulia, na msitu utatulia. Jivu ni jivu."

Nyamvula hakupenda. Lakini alimpenda mumewe, na Kahindi alipokuwa akitabasamu vile, kumkatalia ilikuwa kazi. Walikuwa wameoana tangu mavuno ya mwaka uliopita tu. Akazoa.

Alipofika ukingoni akatua chungu. Ndege walikuwa wamenyamaza. Hata nyenje, wadudu wasiojua kunyamaza, kimya. Harufu ya udongo mbichi na moshi uliopoa ilimpiga puani, na mahali pale hapakuwa na moto.

Akamwaga.

"Chako hiki tumekirudisha," akanong'ona. "Chetu tuachie."

Upepo haukuwapo. Lakini jivu lilisogea... Likajitandaza polepole juu ya majani makavu, likakusanyika, likatandazwa tena, kama mchele unaochaguliwa kwenye ungo. Nyamvula akakodoa macho. Hakuona mkono.

Kisha, nyuma ya miti, karibu sana...

"Si changu."

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Haikuwa hata ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyerudishiwa sufuria isiyo yake.

Nyamvula alishika njia. Hakugeuka, na Mungu ndiye ajuaye jinsi shingo ilivyokuwa ikimvuta. Bakuli lilimgongagonga kifuani, na alipoona moshi wa tanuri upande wa pili akaanza kulia kwa furaha.

Tanuri la makaa, kwa asiyelijua, ni kilima cha udongo. Ndani yamepangwa magogo, juu yake nyasi, juu ya nyasi udongo, na moto huachwa ule taratibu bila hewa. Likipata ufa, hewa ikaingia, kazi yote huwa jivu. Kwa hiyo mchomaji halali mbali nalo, na kila linapobonyea hulipanda akalishindilia kwa miguu. Kahindi alikuwa juu yake wakati huo, anakanyaga na kuimba.

"Shuka huko!" Nyamvula alimwambia. "Shuka, Kahindi. Msitu umesema si chake."

"Nani amesema?"

"Sijui nani."

Kahindi akashuka, akamtazama, akacheka. "Atakuwa Gershom huyo, amesikia harufu ya papa."

Akala sima yote, akalamba vidole. Nyamvula akamsihi waende nyumbani pamoja. Akamsihi tena.

"Nikiliacha usiku mmoja, nimechoma bure," Kahindi alisema. "Nenda, mke wangu. Kesho uje mapema." Akamshika shavu kwa kiganja chake cheusi, na alama ya masizi ikabaki pale. Nyamvula hakuifuta hadi alipolala.

Asubuhi alipoinama kuwasha moto alikuta mafiga yamejaa jivu. Na jana alikuwa amelizoa lote, hata akapangusa kwa kitambaa! Aligusa. Lilikuwa na umande. Lilinuka udongo mbichi, na juu yake lilikuwa limetuliwa jani moja bichi la mgurure, likielekea mlangoni.

Alikimbilia kwa mavyaa wake, akapiga magoti, akasema yote. Kache alimsikiliza akiwa ameshika titi lake la kushoto, kama wafanyavyo kina mama wakisikia msiba.

"Mlinidanganya mimi, sawa," alisema mwisho. "Mimi ni mzee, kazi yangu ni kudanganywa. Lakini wale... Nyamvula! Wale mliwapa makumbi ya nazi?"

"Tufanyeje, mayo?"

"Sijui."

"Kuna mtu wa kumwuliza?"

"Hakuna!" Kache akafoka, na machozi yakamtoka. "Waliojua wamekufa, waliobaki wamebatizwa. Mimi najua kurudisha jivu, basi. Sikufundishwa la kufanya mtu asiporudisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa mjinga kiasi hicho. Lete jivu lenyewe, mwanangu. Lete lolote utakalopata."

Nyamvula akachukua debe, akaenda kambini. Huko nyuma ya jiko la jeshi alimkuta Erastus, kijana wa bara aliyekuwa akimenya viazi, mtu mwema, Kiswahili chake kikichechemea.

"Mama, wewe nataka jivu ya nini? Kwenu hakuna moto?"

"Nataka la makaa ya Junda, baba."

Erastus akaweka kisu chini. "Makaa inakuja na lori. Ya Junda, ya Mtwapa, ya wapi, yote inachanganywa. Na jivu sisi namwaga huko." Akaonyesha kwa kidole mabanda ya nyuma, inzi wamejaa. "Choo ya askari. Inapunguza harufu."

Nyamvula alisimama akiyatazama mabanda yale. Jivu la Tsakani, la miti iliyowafunika wazee tangu enzi za mababu, lilikuwa chini ya makalio ya jeshi zima. Hakujua acheke au atapike. Erastus akamhurumia. Akamchotea lililokuwa mekoni asubuhi ile, debe likajaa nusu.

"Mama," akamwambia, "kwetu pia iko misitu kama hiyo. Nyanya yangu nasema usiguse." Akatazama nyuma yake, akateremsha sauti. "Lakini hapa mimi nakula mshahara."

Magharibi Nyamvula alikuwa ukingoni tena. Alimwaga, akasema maneno. Jivu likachaguliwa juu ya majani... likachaguliwa kwa muda mrefu. Giza likaanza kumwagika kutoka ndani ya miti.

"Kidogo."

Alianguka kifudifudi akalia. Ndani ya nusu debe lile kumbe mlikuwa na chembe za kweli! Kidogo, lakini za kweli. Tazama binadamu alivyo: neno lile dogo lilimpa matumaini. Akajipangusa, akachukua bakuli lake, akaenda kwa mumewe.

Tanuri lilikuwa likifuka. Kahindi alikuwa ameketi ng'ambo ya moshi, juu ya gogo, kampa mgongo.

"Hujambo, bwana? Nimekuletea chakula."

"Weka hapo."

Sauti ilikuwa kavu. Nyamvula akadhani ni moshi, wachomaji wote hukauka koo.

"Mbona hunigeukii?"

"Natazama moto."

"Kahindi, tuyaache makaa haya. Twende. Nimeongea na mama, amejua, hatakugombeza."

Kisha, taratibu, "Umeleta jivu?"

Nywele zilimsimama Nyamvula. Usiku uliopita mtu huyu huyu alikuwa akilicheka jivu.

"Nimeleta."

"Kesho lete jingine."

"Utarudi nyumbani nikileta?"

Mgongo ule haukutikisika. Moshi ulipita mbele yake, na kwa kitambo Nyamvula aliona kwamba mabega ya mumewe yalikuwa ya kijivujivu, hayana jasho, hayapandi wala hayashuki. Homa, akajiambia. Ana homa huyu. Akataka kuuzunguka moshi amguse, na miguu ikamkatalia katakata.

"Siachi tanuri," ile sauti ikasema.

Naye akaondoka. Ungefanyaje wewe?

Jioni zilizofuata zikawa hizo hizo. Erastus alimpa jivu mpaka mnyapara wake alipomkataza. Nyamvula akaenda nyumba za watu waliopata makaa ya Tsakani kwa wizi, akaomba. Wengine walimpa, wengine walimwita mchawi. Kila magharibi alimwaga, na kila magharibi jibu ni "kidogo". Kisha mgongo ule, na moshi ule. Umeleta? Kesho lete jingine. Hakumwambia mtu kwamba mumewe amebadilika, maana neno likishatoka mdomoni huwa la kweli, na yeye hakutaka liwe kweli.

Mwishowe Kache alimwona jinsi alivyokonda, akamwita Mwarandu, ndugu mkubwa wa Kahindi. Mwarandu akamwita Gershom. Alfajiri wote wakaenda kumtoa Kahindi, kwa kamba ikibidi.

Gershom alitangulia. Alifika kwenye tanuri, akasimama, akavua kofia.

Hapakuwa na moshi.

Kilima kilikuwa kimebonyea katikati, kimefanya shimo, na kingo zake zilikuwa na umande. Kando yake mabakuli ya Nyamvula yalikuwa yamejipanga, chakula kimo ndani, cha jana kikiwa na siafu na cha siku za mwanzo kimeota ukungu. Hakuna lililoguswa hata moja.

"Yuko wapi?" Mwarandu akauliza.

Gershom aliweka kiganja juu ya udongo. "Tanuri hili limepoa kitambo."

"Jana lilikuwa likifuka!" Nyamvula alisema. "Jana magharibi, nilikaa hapa, moshi uliniingia machoni!"

"Moshi gani, mama?" Gershom akasema kwa upole. "Hapa mvua imepiga na kukauka."

Wakafukua kwa majembe. Hakukuwa na kaa hata moja. Lilikuwa jivu tupu, laini, jeupe, jingi. Mwarandu akaingiza mkono, akatoa panga lisilo na mpini. Akaingiza tena, akatoa bizimu ya mshipi. Akaingiza tena... akautoa mkono haraka, akageuka, akamkumbatia shemeji yake ili asione.

Aliona.

Gershom alisema ni jambo linalotokea. Mchomaji hupanda kushindilia usiku, ganda la udongo humvunjikia, huzama motoni, na kelele zake hazimfikii mtu. Kwa hesabu yake lilitokea usiku ule ule wa kwanza, usiku wa papa wa nazi. Maelezo mazuri kabisa. Nyamvula aliyasikiliza, akauliza neno moja tu.

"Basi nani aliyekuwa akiniambia nilete jingine?"

Gershom akavaa kofia yake, akaivua tena.

Sasa msiba ukazaa msiba. Mwalimu wa kanisa alikuja, akasema Kahindi ni mkristo, atazikwa makaburini kwa jeneza. Kache akasema hilo ni jivu la Tsakani, lirudi Tsakani. Wakabishana juu ya shimo, wote wawili wakilia. Nyamvula alikuwa ameinama, anachota kwa kiganja, anamimina, anachota. Alikuwa akitafuta lipi ni mti na lipi ni mume. Lilikuwa jivu moja. Kumzika Kahindi ni kuiba tena, na kurudisha cha watu ni kumtoa Kahindi. Alichota mpaka vidole vikatoka damu.

"Nipeni mkeka," akasema.

Alilizoa lote, na mifupa michache iliyosalia ndani yake. Magharibi walimsindikiza hadi mbali kidogo na ukingo, yeye akaendelea peke yake. Akamwaga kwa upole, anavyolazwa mtoto. Akasema maneno. Hakuyanong'ona safari hii, aliyapiga kelele.

"Chako hiki tumekirudisha! Chetu..."

Hakuweza kumaliza.

Jivu halikuchaguliwa. Lilizama tu, taratibu, ardhi ikalipokea. Nyenje mmoja akalia, kisha wote. Hakuna sauti nyingine iliyosema. Nyamvula alirudi bila kugeuka, na usiku ule alipata usingizi.

Kwa miezi kadhaa alikuwa na amani, ile amani ya mjane ajuaye mtu wake yuko wapi. Jioni alipita ukingoni, akaangusha tonge la sima, akamweleza habari za nyumbani. Hakujibiwa, naye hakutaka kujibiwa.

Masika yakaja, yakapita. Na baada ya masika akaja Gershom na kopo lake la rangi.

Nyamvula alimkimbilia akamshika miguu. "Baba, humo mna mume wangu. Ulimwona kwa macho yako!"

"Nilimwona, mama." Gershom naye alikuwa karibu kulia. "Nilitumwa niulinde, nikaulinda. Nimetumwa ukatwe, unakatwa. Nisipotia rangi mimi, kesho atatumwa mwingine. Lakini mti mmoja naweza kuusahau. Nionyeshe ni upi, nitausahau."

Nyamvula akainuka, akautazama msitu. Mvua ilikuwa imelibeba lile jivu, imelipitisha kwenye kila mzizi. Alitembea kutoka mbambakofi hadi mgurure, akiweka mkono, akiondoa mkono. Alikuwa huku. Alikuwa na kule. Angeonyesha mti upi, na kumwacha mumewe aliye katika mingine yote? Alizunguka hadi jua likazama, na Gershom akimngoja kwa subira, brashi ikimkaukia mkononi.

"Sijui," akasema.

Gershom akaitia rangi miti yote.

Walikuja wakataji wa bara na misumeno, vijana wakiimba. Mmoja wao, Kamau, alimwona mjane ameketi pale kila siku akamwambia, "Mama, pole, lakini hii ni kuni tu." Watu wa Junda kwanza walikaa mbali, wakingoja wakataji wapigwe na kitu. Hakuna aliyepigwa. Kesho yake wakasogea. Keshokutwa wakaja na mapanga, kila mtu na kamba yake, wake na waume, na wale waliokuwa wakiwafunika watoto macho wapitapo Tsakani sasa walikuwa wakigombania matawi. Woga wa mababu na mababu uliisha kabla ya mwezi kuandama. Kache aliona hayo akaenda ndani, akajifunika kanga, na hakuishi sana.

Makaa yakapanda lori. Yalikokwenda unajua, na jivu lake lilikomwagwa unajua pia. Nyamvula alikwenda kambini na debe, lakini Erastus alikuwa ameshapelekwa Burma, na askari wa langoni alimtisha kwa kitako cha bunduki. Akarudi na debe tupu. Mahali pa msitu wakapanda mihogo.

Basi ikawa jioni moja, si jioni ya ajabu, Nyamvula alikwenda kisimani kuchota maji. Aliporudi, akiwa bado uani, alisikia harufu. Udongo mbichi, na moshi uliopoa.

Akatua ndoo.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mbele ya mafiga, aliketi mtu, kampa mgongo. Mabega ya kijivujivu, hayapandi wala hayashuki. Kila upepo ulipopita mlangoni kitu laini kilikuwa kikipeperuka kutoka kwake, kikitua sakafuni, kwenye vyombo, juu ya kitanda. Alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa. Upande mmoja wa kichwa chake haukuwapo.

Nyamvula hakupiga ukemi. Alimpenda mtu huyu.

"Kahindi," akanong'ona.

"Nimetafuta njia," ile sauti ikasema. Ilikuwa imechoka mno. "Wote tunatafuta. Wako nje."

Nyamvula hakutazama nje. Lakini uani, pale alipopita sasa hivi, pakavu, alisikia majani yakikanyagwa... yakikanyagwa na miguu mingi, taratibu, miguu ya watu wazee. Na uani kwake hapakuwa na majani.

"Nirudishe," Kahindi akasema.

"Nikurudishe wapi, mume wangu?"

Kupitia dirishani mtu aliweza kuona moja kwa moja, mihogo mitupu, hadi taa za kambi. Upepo ukaingia tena, na bega moja la Kahindi likapungua. Alikaa pale akimngoja mkewe ajibu.